Tui si Maziwa

Nenda Lamu, nenda Mombasa, teremka hata Vanga kwenye mpaka wa kusini, umwulize mama aliyeketi juu ya mbuzi anakuna nazi kwamba anachokikamua ni nini. Atakujibu kwa neno moja: tui. Hatasema maziwa. Akitaka kupambanua zaidi atakwambia kuwa tui la kwanza, lile zito lisilotiwa maji, ni kasimele; lililofuata baada ya kutiwa maji ni tui jepesi; na kilichobaki katika kifumbu ni chicha, atakachowatupia kuku. Watu hawa wana jina kwa kila umri wa tunda la mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Watu wenye majina mengi kiasi hicho kwa kitu kimoja hawawezi kudhaniwa kwamba walipungukiwa na neno walipofika kwenye tui. Wala maziwa hawakuwa wageni nayo. Waliyajua ya ng'ombe na ya mbuzi, na majirani zao Waorma na Wasomali ni wafugaji tangu zamani. Walikuwa na vitu viwili mbele yao, vyote vyeupe, wakavipa majina mawili. Nami nasema walifanya vyema, na kwamba sisi wa bara tuliokuja nyuma tumeliharibu jambo lililokuwa limetengenezwa.

Tumeliharibu kwa kusema "maziwa ya nazi". Maneno haya sasa yameandikwa juu ya makopo na maboksi madukani, yanasemwa katika vipindi vya mapishi, na wako walimu wanaoyaandika ubaoni. Ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina la Kiingereza, iliyofanywa na mtu ambaye hakujisumbua kuuliza wenye minazi wanasemaje. Kama dhara lingekoma kwenye lugha, ningelalamika kidogo kisha ninyamaze, maana waalimu wa Kiswahili tumezoea kulalamika. Lakini jina huvuta imani nyuma yake. Mtu akisikia "maziwa ya mbuzi" na "maziwa ya nazi" katika pumzi moja, huamini kwamba hivi ni vitu vya ukoo mmoja na kwamba kimoja chaweza kukaa mahali pa kingine. Katika chuo kimoja cha ualimu niliiona orodha ya vyakula vya watoto iliyoandaliwa na wanafunzi waliokuwa karibu kwenda kufundisha. Chini ya neno maziwa walikuwa wameandika: ya ng'ombe, ya mbuzi, ya soya, ya nazi. Hakuna aliyeshangaa, wala mkufunzi wao hakushangaa.

Huku kwetu Kisii na Nyamira hatari hii ni kubwa kuliko pwani. Mpwani hata akisoma maneno hayo juu ya kopo, kitu chenyewe anakijua tangu utotoni. Amekiona kikikamuliwa, na kinywa chake kinajua kwamba ni kiungo cha wali na samaki. Sisi hatuna mnazi. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na mnazi ni mti wa joto na wa nchi ya chini. Nazi hutufikia kutoka Kwale na Kilifi baada ya safari ya kilomita karibu 800 kupitia Nairobi, au haitufikii ila tui lake lililofungwa katika kopo. Kwa hiyo neno limetangulia kitu. Na mtu anayekutana na neno kabla ya kitu hana la kumwonya.

Haifai kumshinda adui kwa kumnyamazisha, basi na tuwasikilize wanaolisifu tui. Wanasema ni chakula cha mimea, safi, kisicho na sukari ile ya maziwa ambayo watu wazima wengi duniani hawawezi kuimeng'enya vizuri. Hilo ni kweli. Wanasema lina nguvu nyingi. Hilo nalo ni kweli. Gramu 100 za tui zito hutoa kalori kama 230, na gramu 100 za maziwa ya ng'ombe hutoa kama 61 tu. Wanasema limo ndani yake madini ya chuma, na potasiamu, na magnesi, yamo. Kisha wanafika kwenye hoja wanayoipenda kuliko zote: kwamba ndani ya mafuta ya nazi imo asidi iitwayo lauriki, na asidi hiyo hiyo imo katika maziwa ya mama, na kwa hiyo tui ni ndugu wa titi la mama.

Hoja hiyo ya mwisho inafaa itazamwe kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza hata watu waliosoma. Ni kweli asidi ya lauriki imo katika maziwa ya mama, lakini ni sehemu ndogo ya mafuta yake. Katika mafuta ya nazi ni karibu nusu. Isitoshe, maziwa ya mama si mafuta peke yake. Yamo humo sukari ya maziwa, protini ya namna inayomfaa mtoto mchanga, na kinga za kupigana na maradhi, vitu ambavyo hakuna mnazi uwezao kuvitoa. Nyumba yangu ina misumari, na duka la misumari lina misumari mingi zaidi. Je, nihamie dukani nilale juu ya misumari? Kitu kimoja kilichomo katika vitu viwili hakivifanyi viwili hivyo kuwa kimoja.

Sasa fanyeni jaribio moja, ninyi wanafunzi, ikiwa mwalimu wenu atawaruhusu kuwasha moto. Kamueni tui zito, mlichemshe pole pole mpaka maji yote yakauke. Mtabaki na mafuta, na mashapo kidogo chini ya sufuria. Hivyo ndivyo wapwani walivyopika mafuta ya nazi miaka na miaka. Hesabu yake ni hii: katika gramu 100 za tui zito, maji ni kiasi cha 68, mafuta karibu 24, protini kama 2. Robo tatu ya kila kisichokuwa maji ni mafuta. Maziwa ya ng'ombe ni tofauti. Katika gramu 100 maji ni kama 88, na kile kidogo kilichosalia kimegawanyika: mafuta kiasi cha gramu 3 na nusu, protini kiasi cha 3, sukari karibu 5, na madini. Vyote viwili ni vyeupe kwa sababu moja, yaani matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika majini huurudisha mwanga. Weupe huo ndio wote unaovifananisha, na weupe hauli mtu akashiba.

Mtu atasema: lakini protini gramu 2 kwa 3, tofauti hiyo ni ndogo. Subiri kidogo. Gramu hizo 2 ni za kasimele, na hapana mtoto anywaye kikombe cha kasimele. Akikinywa, atakuwa amekunywa mafuta zaidi ya gramu 50. Ili linyweke lazima litiwe maji, na kila kijiko cha maji kinapunguza protini iliyokuwa haba tangu mwanzo. Tui linalouzwa katika maboksi ya kunywa limetiwa maji mengi sana, na aghalabu sukari juu yake. Tena tazameni kalsiamu, madini yale yajengayo mifupa na meno. Katika gramu 100 za maziwa ya ng'ombe ziko miligramu zaidi ya 110. Katika tui zito ziko kama 16. Vitamini A katika tui haimo. Vitamini B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu vinaihitaji, haimo. Viwanda vingine huviongeza vitu hivyo, ni kweli, lakini hapo sifa ni ya kiwanda na si ya nazi. Soya, katika vile vinavyoitwa maziwa ya mimea, ni miongoni mwa vile vinavyolikaribia ziwa la ng'ombe kwa protini, na hata yenyewe kalsiamu yake hutiwa.

Mataifa yenyewe yanalijua jambo hili, ingawa yanalisema kwa sauti ya chini. Kanuni za vyakula za kimataifa, ziitwazo Codex Alimentarius, zilitoa mwaka 2003 kipimo cha tui lifungwalo viwandani, na kipimo hicho kimejengwa juu ya mafuta: lile la kawaida lisipungue asilimia 10 ya mafuta, jepesi asilimia 5, na zito asilimia 20. Tui hupimwa kwa kile lilicho nacho, nacho ni mafuta. Katika Umoja wa Ulaya mahakama iliamua mwaka 2017 kwamba vinywaji vya mimea visiuzwe kwa jina la maziwa, maana maziwa ni yale yatokayo katika kiwele. Lakini sheria yao ikaacha majina machache yaliyozoeleka, na hilo la nazi likiwamo. Waliliacha kwa kuwa walikuwa wamelizoea. Sisi hatuna hata udhuru huo. Mazoea yetu ni tui.

Pengine msomaji anafikiri nimechukua rungu kuua sisimizi, na kwamba hakuna mtoto aliyeumizwa na jina. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliandika habari za watoto wawili wadogo waliofikishwa hospitalini katika jimbo la Georgia. Wazazi wao hawakuwa maskini wa kukosa chakula. Mmoja alikuwa amelishwa kinywaji cha mchele kilichodhaniwa kuwa badala ya maziwa, akapatwa na kwashiorkor. Wa pili alilishwa kinywaji cha soya kisichotiwa vitamini, akapatwa na matege. Si nazi, nakubali, lakini ni kosa lile lile: kitu cheupe katika boksi, na mzazi aliyeamini kwamba ni maziwa. Kwashiorkor ni neno la Kiga, lugha ya huko Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyeliingiza katika vitabu vya tiba mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa titini kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Mtoto huyo hunyimwa protini wakati mwili wake unapoihitaji mno; miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, tumbo hujaa, na macho ya wasiojua humwona kuwa amenenepa. Ni mtoto wa namna hii hasa, wa mwaka mmoja na nusu au miwili, ambaye jirani mwenye nia njema atamshauri mamaye ampe "maziwa ya nazi".

Nisieleweke vibaya. Mtoto mchanga miezi sita ya kwanza ni wa titi la mamaye peke yake, na hata maziwa ya ng'ombe si yake wakati huo. Na mtoto ambaye mwili wake unakataa maziwa ya ng'ombe apelekwe kwa mganga wa zahanati, asipelekwe dukani.

Wako pia wanaotuambia tuwatazame wapwani, ambao wamekula nazi vizazi vingi na wana afya. Na tuwatazame basi, lakini tutazame sahani nzima. Tui la mpwani haliji peke yake. Linakuja juu ya samaki, juu ya kunde na mbaazi, juu ya mchicha, juu ya maharagwe. Protini inatoka kwa samaki na kunde. Tui linaleta ladha na nguvu, na zaidi ya hayo linafanya kazi moja ya maana sana ambayo wapishi wa kale waliigundua kwa ulimi kabla ya wataalamu kuigundua kwa vipimo: vitamini A iliyojificha katika majani mabichi huyeyuka katika mafuta, na mwili huipokea vyema zaidi majani hayo yakiliwa pamoja na mafuta. Kwa mchicha, tui ni rafiki wa kweli. Hata katika visiwa vya Tokelau kule Pasifiki, ambako wachunguzi walieleza mwaka 1981 kwamba zaidi ya nusu ya nguvu yote ya chakula cha watu ilitoka katika nazi, na maradhi ya moyo yalikuwa machache, watu wale walikuwa wavuvi. Samaki alikuwapo.

Na hapa lazima nigeuke niwapige kidogo wa upande wa pili, maana kuna waliojaa hofu wanaosema tui ni sumu ya moyo na wapwani waliache. Mafuta ya nazi mengi yake ni ya namna igandayo, na namna hiyo huongeza kolesteroli mbaya katika damu kuliko mafuta ya alizeti au ya parachichi. Chama cha Moyo cha Marekani kilionya mwaka 2017 watu wasiyafanye mafuta ya nazi kuwa dawa ya afya, na onyo hilo ni la haki. Gramu 100 za kasimele zinatosha kumjazia mtu mzima kiasi chote cha mafuta ya namna hiyo anachoshauriwa kwa siku moja. Lakini sufuria ya samaki wa kupaka huliwa na watu saba. Kitu kinachofaa kwa kipimo hakigeuki sumu kwa kuwa kuna mtu anayekizidisha.

Sasa turudi nyumbani. Linaloniudhi zaidi katika sifa hizi za nazi huku Gusii ni kwamba zinasemwa mahali ambapo maziwa yapo, na yanaondoka. Asubuhi na mapema, kutoka Nyansiongo mpaka Suneka, maziwa yanatoka bomani yakienda kuuzwa, na katika nyumba nyingi mtoto anabaki na chai ya rangi. Parachichi zetu zinajaa malori Daraja Mbili zikaliwe Nairobi na ng'ambo. Mafuta yake mengi ni ya namna isiyoganda, yale yale ambayo wenye hofu ya nazi wanayatafuta, nasi tunayauza kisha tunanunua kopo. Silaumu kuuza. Mashamba yetu ni madogo, watu wa wilaya hizi mbili, ambazo sasa ni kaunti, walihesabiwa mwaka 2019 kuwa zaidi ya milioni 1.8, na karo haisubiri. Lakini kikombe kimoja kwa mtoto, kabla mtungi haujatoka mlangoni, hakiwezi kuangusha biashara ya mtu. Kenya nzima, utafiti wa mwaka 2014 ulikuta watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ukakuta 18. Tumepiga hatua, lakini 18 si wachache, na nchi yenye mvua kama yetu haikupaswa kuwa na hata mmoja.

Bibi zetu walijua la kufanya na mtu ambaye tumbo lake halipendi maziwa mabichi: walimpa amabere amaruranu, maziwa yaliyogandishwa, ambayo sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na vijidudu vya kugandisha. Walijua uji wa wimbi, na unga wa wimbi una kalsiamu nyingi ajabu, miligramu zaidi ya 300 katika gramu 100. Walijua omena kutoka ziwani, anayeliwa na mifupa yake. Na walijua chinsaga, mboga chungu ambayo wapwani huiita mgagani. Majani yake mabichi yanalishinda tui kwa kalsiamu zaidi ya mara kumi, nayo yana chuma na ile mali ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kulikuwa na wakati ambapo mboga hizi zilidharauliwa kama magugu, chakula cha wasio na kabeji; Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia maisha yake ya kazi akionyesha thamani yake, na leo fungu la chinsaga sokoni lina wateja wa kila tabaka. Chinsaga zetu hupikwa muda mrefu ili uchungu upungue, kisha hutiwa maziwa au malai zikalala humo usiku kucha. Majani chini, mafuta ya maziwa juu: ni hekima ile ile ya mchicha wa nazi, isipokuwa sisi tuna ng'ombe na wao wana mnazi. Lawama yangu moja kwa mapishi yetu ni kule kuchemsha mno na kumwaga maji mara kwa mara, kwani vitamini C huenda zake na maji hayo.

Wanafunzi wangu huniuliza kama chinsaga zaweza kupikwa kwa tui. Zaweza. Mwenye nazi nyumbani na asiye na maziwa siku hiyo, atie tui badala ya malai, kwa mafuta yake. Kisha atafute protini mahali pengine katika sahani, kwa maharagwe au karanga au omena. Kijiko cha tui katika uji wa wimbi wa mtoto mkonde kitamwongezea nguvu pia, na sina ugomvi nacho. Chinsaga za tui zinakuwa tamu kidogo kuliko zetu, na uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Nyumbani kwangu nusu ya walaji walizipenda, na nusu waliuliza maziwa yamekwenda wapi.